Kutoka Ukuta wa Karatasi Hadi Mapendekezo Kumi: Namna ya Kulifikisha Baraza la Wananchi Kwenye Muafaka

Mabaraza mengi ya wananchi, yaani vikao vya raia waliopatikana kwa bahati nasibu ili wajadili jambo moja la umma, huharibikia siku ya mwisho, na sababu kubwa ni moja: watu huulizwa wakubali wazo kabla halijawa sentensi. Ukumbi mzima unainua mikono kukubali kwamba "taka za Soko la Kongowea zishughulikiwe". Wiki mbili baadaye ripoti inatoka ikisema wachuuzi watozwe ada ya kila siku, na nusu ya waliokuwa ukumbini wanakana. Hawasemi uongo. Kila mmoja alikubali sentensi iliyokuwa kichwani mwake.

Mwongozo huu ni wa siku mbili za mwisho, pale mwezeshaji anapolitoa kundi kwenye mawazo mengi na kulileta kwenye mapendekezo machache yaliyoandikwa. Mfano tutakaoutumia ni wa kubuni: watu 36 waliopatikana kwa bahati nasibu, sita kutoka kila kaunti ndogo ya Mombasa (Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu), wanaojadili taka na mitaro inayoziba wakati wa masika. Wamepewa siku sita. Nne zimeshakwisha kwa kusikiliza wataalamu, kuzuru maeneo na kupima njia mbalimbali.

Saa zenyewe kwanza

Theluthi ya muda wote iwe ya kuandika na kukubaliana. Kanuni za OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) za mwaka 2020 zinataka washiriki wakutane angalau siku nne kamili. Hata baraza la namna hiyo, fupi kuliko yote, lisiache chini ya siku moja na kitu kwa kazi hii. Mfadhili akipunguza fedha, kinachokatwa kwanza huwa siku ya mwisho, maana huonekana kama ya kufunga tu. Afadhali ukate hotuba za wataalamu. Kundi lililosikia wataalamu wanane badala ya kumi litaandika mapendekezo mazuri, lakini kundi lililopewa saa mbili za kuandika litatoa orodha ya matamanio.

Panga ratiba kwa saa za mji. Adhuhuri huingia muda mfupi baada ya saa sita mchana, Alasiri karibu saa tisa na nusu; usiweke kura wala mjadala mgumu ukingoni mwa nyakati hizo, maana utawapoteza watu katikati ya hoja. Wanaoishi Likoni huanza kuangalia saa kuanzia saa tisa, wakiwaza foleni ya feri ya jioni. Ukipanga kura ya mwisho saa kumi, utapiga kura bila Likoni. Wakati mzuri ni saa nane hadi saa tisa na robo, watu wamekula na bado wametulia. Ijumaa iepuke kabisa kwa siku ya kura. Na chai ya asubuhi isiwe ya kubahatisha: mahamri na mbaazi zikifika saa nne badala ya saa mbili na nusu, zimeondoka na mjadala wa kwanza.

Kiwango cha kukubaliana kiamuliwe kabla

Siku ya kwanza, au angalau kabla pendekezo lolote halijaandikwa, kundi likubaliane pendekezo litapita kwa kiasi gani. Ukingoja hadi siku ya kura, kila mtu atapiga hesabu ya kipimo kitakachopitisha jambo lake.

Watu wetu huwa na jibu tayari: wengi wape. Methali hii ina mahali pake, lakini hapa inaharibu. Pendekezo lililopita kwa 19 dhidi ya 17 likifika kwenye bunge la kaunti, mwakilishi wadi asiyelitaka atauliza swali moja tu, "Hata nyinyi wenyewe mliligawana?", na mazungumzo yataishia hapo. Upande wa pili, kudai wote 36 wakubali kunampa mtu mmoja kufuli ya mlango. Kipimo kinachotumika sana katika mabaraza ya namna hii ni asilimia 80. Kwa watu 36 hiyo ni 28.8, yaani 29. Daima panda juu, usishuke. Andikeni pia kwamba hesabu ni ya waliohudhuria kura: wakija 33, kiwango ni 27. Bila mstari huo mtagombana juu ya watatu waliobaki nyumbani.

Makubaliano makubwa ndani ya ukumbi hayahakikishi lolote nje, na ni vyema kundi lijue hivyo mapema. Baraza la wananchi la British Columbia, Canada, mwaka 2004 lilipitisha mfumo mpya wa uchaguzi kwa kura 146 dhidi ya 7. Kura ya maoni ya 2005 ilihitaji asilimia 60, ikapata 57.7.

Kupunguza bila kutupa

Asubuhi ya siku ya tano ukuta una karatasi kama 60 za mawazo ya washiriki. Nyingi ni jambo moja lililosemwa mara nne. Washiriki wenyewe wazipange kwa mafungu, kimya kimya, kwa dakika 20. Kila mmoja ana ruhusa ya kuhamisha karatasi yoyote. Karatasi inayohamishwa mara tatu inabeba mawazo mawili. Ikate vipande.

Kisha kila mtu apewe vibandiko vitano, abandike kwenye mafungu anayoona lazima yaingie kwenye ripoti, kimoja kwa fungu. Hapa kuna mtego: watu hufuata rundo. Wakimwona mzee wa mtaa amebandika mahali, vibandiko vitano vingine vitamfuata. Afadhali kila mtu aandike kwanza namba zake tano kwenye karatasi yake, halafu wote wainuke kubandika kwa pamoja.

Lengo ni mafungu manane hadi kumi na mawili. Ufaransa, baraza la wananchi 150 la mwaka 2019 hadi 2020 kuhusu tabianchi lilitoa mapendekezo 149, likiwa na vikao vya miezi kadhaa na wataalamu wa sheria pembeni. Nyinyi mna siku mbili. Yasiyochaguliwa yaingie kwenye kiambatisho kama yalivyoandikwa, na mwenye wazo aambiwe hivyo mbele ya wote, kwa sababu mtu aliyeona karatasi yake ikibanduliwa na kutupwa atakuja kupinga kila kitu mchana.

Sentensi

Hapa ndipo penye kazi. Kila meza ya watu sita (mchanganyiko wa kaunti ndogo zote, si meza ya Likoni na meza ya Jomvu) ichukue fungu moja au mawili na kuandika. Rasimu ijibu haya: nani afanye, afanye nini, wapi, kufikia lini, fedha zitoke wapi, kwa nini, na tutajuaje kwamba limefanyika. Sentensi mbili au tatu kwa pendekezo lenyewe, halafu aya fupi ya sababu isiyozidi maneno 120.

Kiswahili kina njia tamu ya kumficha mtendaji, nayo ni kauli ya kutendwa. "Taka zizolewe kila siku." Na nani? "Mitaro izibuliwe kabla ya masika." Na nani? Mwezeshaji azunguke mezani akiuliza swali hilo kila anapoona -lewe, -liwe au -shwe, hadi washiriki waanze kuulizana wenyewe. Maneno mengine ya kuyashuku ni "wadau", "ihakikishe", "iangalie namna ya", na mfalme wao, "uhamasisho". Pendekezo la uhamasisho hupita kwa asilimia mia moja kila mahali, kwa sababu halimgharimu mtu chochote. Likibaki, lisemwe nani atahamasishwa, afanye nini tofauti, na nani atalipa.

"Nani" inahitaji uangalifu, kwa sababu pendekezo lililopelekwa kwa asiye na mamlaka hurudi na barua ya heshima. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti kazi ya kuzoa taka, majaa, na mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yenye majengo. Lakini barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, na mitaro ya kando yake hufuata humo, wakati feri ya Likoni iko chini ya Mamlaka ya Bandari. Pendekezo la mtaro unaoanzia mtaani Kisauni na kuishia kando ya barabara ya Malindi huenda likahitaji watendaji wawili, na bora liandikwe kama sentensi mbili.

"Lini" nayo isiwe "haraka iwezekanavyo". Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini milango ya fedha hufungwa mapema: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, taarifa ya sera za fedha 28 Februari, na makadirio ya bajeti 30 Aprili. Pendekezo linalohitaji fedha likifika Mei, litasubiri mwaka mwingine.

Mfano wa rasimu iliyofika: "Idara ya mazingira ya kaunti iweke vizimba vinne vya taka za mboga na matunda ndani ya Soko la Kongowea, na kuvizoa kila siku kabla ya saa mbili asubuhi, kuanzia Julai. Fedha zitoke kwenye ada za soko zinazotozwa sasa. Kila mwezi idara ibandike sokoni idadi ya siku ambazo taka hazikuzolewa." Huenda mtu akapinga, na hilo ni jambo jema: kuna kitu cha kupinga.

Mwezeshaji haandiki maneno. Karani wa meza anaandika yaliyosemwa na kuyasoma kwa sauti: "Mama, nimeandika hivi, nimekupata au nimekukosa?" Msamiati wa mwezeshaji ukiingia kwenye rasimu, washiriki hulitambua na kuliacha pendekezo liwe lake.

Mzunguko wa kwanza: kupima joto, si kupiga kura

Mchana wa siku ya tano kila rasimu isomwe mara mbili, na kila mtu aweke alama yake kwenye karatasi isiyo na jina:

5: Nalitaka hasa.
4: Naliunga mkono.
3: Si chaguo langu, lakini nalikubali na sitalipinga nje ya ukumbi.
2: Nina dukuduku, libadilishwe.
1: Silikubali.

Andika maneno kando ya kila namba na usome kwa sauti, ukionyesha kwa vidole. Kwetu "namba moja" ni mshindi wa darasa, na katika kila kundi wapo watakaoweka 1 wakimaanisha wanalipenda kuliko yote. Makosa matatu ya namna hiyo yanatosha kuliangusha pendekezo. Pendekezo linahesabiwa limepita kwa wale wa 3, 4 na 5 kwa pamoja.

Kwa nini karatasi, na si swali la kawaida, "Kuna mwenye kupinga?" Kwa sababu mzee akishanena, kijana aliyelelewa vizuri hatamkatalia hadharani, wala mama wa makamo hatabishana na ustadhi mbele ya watu. Ukumbi utanyamaza, mwezeshaji ataandika "tumekubaliana", na kimya kingi kina mshindo mkuu: upinzani utatokea msikitini, sokoni na kwenye kundi la WhatsApp usiku huohuo. Kwa asiyesoma vizuri, weka vidole vilivyochorwa badala ya namba, na msaidizi amchague mwenyewe. Asiwe kiongozi wa meza.

Bandika mgawanyo mzima wa alama, si wastani. Wastani wa 3 unaweza kuwa watu wote wamepoa, au nusu wameweka 5 na nusu 1. Ni hali mbili zisizofanana hata kidogo, na kazi inayofuata ni tofauti.

Penye 1 na 2

Kila aliyeweka 1 au 2 aombwe aandike majibu ya maswali matatu nyuma ya karatasi: neno gani linakukwaza, nani ataumia likibaki hivi, na likiandikwaje ungepanda hadi 3. Swali la tatu ndilo linalofungua. Bila hilo mpinzani anabaki na "hapana" tu, na wengine wanaanza kumshambulia yeye badala ya sentensi.

Dukuduku ni za aina tatu, na kuzichanganya ndiko kunakokula saa.

Ya kwanza ni ya neno. Wachuuzi wa Kongowea wanapinga "ada" kwa sababu wameisoma kama ada mpya. Andika "ada za soko zinazotozwa sasa" na dakika tano zimetosha.

Ya pili ni ya kiasi: wangapi, kwa muda gani, kwa shilingi ngapi. Tuseme meza moja inataka shilingi 20 kwa kibanda kwa siku, nyingine inataka sifuri. Usikimbilie 10. Uliza kila upande unaogopa nini. Huenda wachuuzi hawaogopi ishirini. Wanaogopa kulipa na taka zisizolewe. Basi weka sharti: isitozwe siku ambayo gari halikuja, au liwe jaribio la miezi mitatu lenye tarehe ya kupimwa. Ikiwa sehemu moja ya pendekezo inakubalika na nyingine inakwama, ligawe yawe mawili, kila moja likapigiwe kura yake.

Ya tatu ni ya msingi. Mkazi wa Kisauni anasema jaa la Mwakirunge lisiongezewe hata mzigo mmoja, kwa sababu za haki, wala hakuna maneno yatakayomhamisha. Usimkamue. Mshukuru, mwandikie msimamo wake kwa maneno yake, na mwende kwenye kura. Mwezeshaji anayerudi kwa mtu wa namna hii mara ya nne, hata kwa upole, anamlazimisha, na meza zote zinaona.

Kuna kosa jingine lililo baya kuliko mgawanyiko, nalo ni kulainisha. "Idara izoe kila siku" inakuwa "izoe mara kwa mara", kisha "iimarishe uzoaji", kisha "suala la uzoaji liangaliwe". Alama zinapanda kila hatua hadi 36 kwa 36, na pendekezo limekufa. Weka rasimu ya kwanza ukutani kando ya ile mpya ili watu waone kilichoondoka. Pendekezo kali lililopata 30 lina thamani kuliko uji uliokubaliwa na wote.

Msemaji anayejaza ukumbi hukatizwa kwa kumpa alichokitaka, yaani ushahidi kwamba amesikika: "Mzee wetu, shukrani. Hoja yako iko ukutani, namba nne. Naomba sasa tumsikie ambaye hajasema." Nenda ukaioneshe kwa kidole.

Kamati ya rasimu na jicho la wataalamu

Mtu mmoja kutoka kila meza, sita jumla, wakae na karani kuunganisha maneno wakati wengine wamepumzika. Ruhusa yao ni kuondoa marudio na kunyoosha lugha. Kubadilisha maana hawana ruhusa, na kila walichogusa wakipigie mstari. Chapa rasimu ya pili kwenye karatasi za rangi nyingine. Rasimu mbili nyeupe ukumbini ni vurugu. Usitegemee projekta peke yake. Stima ikipotea, nakala za karatasi ndizo zitakazookoa siku.

Jioni hiyo rasimu ziende kwa maafisa na wataalamu, wajibu kwa maandishi maswali mawili tu: kuna kosa la ukweli, na kuna kizuizi cha sheria? Mfano: kundi limeandika itungwe sheria ya kutenganisha taka. Mtaalamu atawaambia Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inadai kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Basi waandike juu ya utekelezaji. Afisa akijibu "hili haliwezekani kwa sasa" bila sababu, hayo ni maoni yake, na kundi lina haki ya kuyaacha. Maafisa wasikae mezani. Wala mwandalizi asilete siku ya sita pendekezo "dogo" la nyongeza lililoandikwa ofisini. Hilo moja hulichafua baraza zima.

Kura ya mwisho

Asubuhi ya siku ya sita ni ya kumalizia yaliyokwama, yasizidi matatu au manne, dakika 40 kila moja. Baada ya chakula maneno yanafungwa. Baada ya kufungwa, hata koma haisogezwi.

Kila pendekezo lipigiwe kura peke yake. Mtu atasema, watu wamechoka, tupitishe yote kwa pamoja. Kataa. Mapendekezo kumi, yakisomwa na kuwekwa alama, huchukua kama nusu saa. Kuhesabu alama 360 kwa vikundi vitatu vya washiriki, wawili wawili, mbele ya wote, ni nusu saa nyingine. Penye njia zinazopingana, usiziweke bega kwa bega, fuata ngazi. Baraza la Wananchi la Ireland mwaka 2017 lilipofika kwenye ibara ya katiba kuhusu utoaji mimba, lilitumia kura za siri zinazofuatana: kwanza ibara ibaki ilivyo au isibaki, kisha ifutwe au igeuzwe, na kadhalika. Kila kura iliyopigwa iliondoa swali moja mezani.

Tangaza namba kamili: "31 kati ya 36". Lisilofika 29 halipotei. Linaandikwa kwenye sehemu yake, na kura zake.

Waliobaki na 1 au 2 wapewe nusu saa na karatasi, waandike maelezo yao yasiyozidi maneno 150 kwa kila pendekezo, na yachapwe ukurasa uleule, bila mhariri. Mara nyingi wakishapewa nafasi hiyo huandika aya tatu za utulivu, na baadhi yao huja kukabidhi ripoti pamoja na wenzao.

Ripoti ikabidhiwe na washiriki wenyewe, kila pendekezo likisomwa na mtu wa meza iliyoliandika, na barua ya kukabidhi iombe jibu la maandishi kwa kila moja: limekubaliwa, limekubaliwa kwa sehemu, au limekataliwa kwa sababu hii. Nakala ya Kiswahili ndiyo iliyopigiwa kura, kwa hiyo ndiyo asili. Ya Kiingereza iandikwe juu kwamba ni tafsiri. Washiriki wawili wanaozijua lugha zote mbili waipitie kabla haijatoka, wakitafuta hasa mahali ambapo "izoe" imegeuka kuwa "inaweza kuzoa".